Anasema Kuna Ugonjwa

Nilipanda Keringet na kurasa arobaini
na kipaza sauti kilichokohoa kabla yangu.
Ukumbi wa kanisa, baridi ya kung'ata masikio,
gambuti zenye tope chini ya viti vya plastiki,
na chai ya maziwa huko nyuma, ikinivuta pua.

Nikaanza:
"Usimamizi jumuishi wa vimelea vya udongoni
unahitaji mkabala shirikishi na endelevu
utakaodhibiti upungufu wa tija..."
Sentensi ilikata kona tatu kabla ya kufika nukta.
Niliipenda. Nilikuwa nimeikesha siku mbili.

Kimosop, mweka hazina wao, ndiye mkalimani.
Aliniacha nimalize, dakika tano nzima,
akakuna kidevu,
akasema maneno matatu kwa Kikalenjin.
Vichwa vikaitikia.

"Umewaambia nini?"
"Nimewaambia unasema kuna ugonjwa."

Nikacheka, nisije nikaonekana nimeona haya.

Ndipo mama mmoja, Taprandich,
akafungua gazeti mapajani mwake.
Ndani, mche wa kiazi, umelegea shingo
na bado ni kijani.
Kimosop akanigeukia:
"Anasema amekuletea mgonjwa.
Anauliza, huyu anakufa na nini?"

Ukurasa wa ishirini na tatu ulikuwa na jibu,
na mchoro, na mishale.
Niliuacha ukutani ukiwaka peke yake.
Nikaomba kisu. Nikaomba glasi ya maji.
Glasi ikaja ina majani ya chai, ikarudi, ikasuuzwa.

Nikakata shina pale chini, karibu na udongo,
nikalishikilia, ncha tu ndani ya maji.
"Tazameni."
Kimosop hakulitafsiri hilo.

Wakasogea. Mtoto akapandishwa kitini.
Kitambo hakukuwa na kitu, nikaanza kujuta.
Kisha uzi mweupe ukateremka kutoka shinani
kama tone la mwisho la ng'ombe anayekauka,
ukafuatwa na mwingine.

"Huo ni usaha wake," nikasema.
"Unakaa kwenye udongo.
Unatembea na jembe, unatembea na gambuti.
Ng'oa, choma.
Hapo panda mahindi, na mwaka ujao mahindi.
Kiazi, hapana."

Kimosop alitafsiri neno kwa neno,
na kwa mara ya kwanza siku hiyo ukumbi ulinyamaza.
Nikaelewa nilichokuwa nimekifunika.
Kwenye karatasi zangu palikuwa na "upungufu wa tija".
Hapa palikuwa na mama ameshika gazeti tupu,
na uso wake, na mimi mbele yake bila koti la maneno.

Akauliza jambo, polepole.
"Anasema sawa, amesikia.
Shamba lake ni hilo moja.
Na karo ya muhula huu?"

Nilitafuta kwenye kurasa zote arobaini, kichwani.

"Sijui," nikasema.

Kimosop akavua kofia,
akawageukia watu,
akalitafsiri kwa muda mrefu sana.