Migongo Minne

Nyinyi mliziona nyuso zao. Mimi niliishi na migongo.
Misimu tisa langoni, glovu zimeshonwa mara sita,
naitazama migongo minne ya Mwaloni Stars
kama mtu anavyoutazama mlango wa nyumba yake usiku:
si kwa uzuri wake,
anataka tu kujua umefungwa.

Kulia, Masunga. Jasho lake lilianzia begani
likachora visiwa kwenye jezi, Ukerewe na vitoto vyake.
Kushoto, Bwire wa Majita, mfupi, mwenye adabu ya hatari:
alimuuliza winga habari za mama yake nyumbani,
akangoja ajibiwe, ndipo akamlaza chini.
Katikati, Lubango na Kalumuna,
wasiosemeshana mwaka mzima kwa deni la baiskeli,
na bado mmoja akiruka
mwenzake yuko nyuma yake tayari, hajaitwa.
Sijaona ndoa iliyowahi kufikia hapo.

Wazee wa jukwaa la jua walitubeza:
"Hawa? Mngeuona ukuta wa wapagazi wa kinu cha pamba!
Asubuhi marobota mgongoni, jioni washambuliaji.
Peku. Mpira wa ngozi ukilowa ni kichwa cha ng'ombe,
na Ng'hwani aliupiga kichwa ukavuka reli."
Wengine wakawataja wale wa miaka ya magugu maji,
mechi tisa bila kuruhusu bao,
hata kipa wao, eti, akawa anakuja na michembe mfukoni
apate cha kufanya.
Sikubishana. Mji huu tumeukuta hivyo, jiwe juu ya jiwe,
na la chini halijawahi kushangiliwa.

Msimu wetu tulifungwa mabao saba.
Nayakumbuka kama meno niliyong'olewa;
moja nililaumu wadudu wa ziwa, wingu zima machoni,
na si uongo sana.
Lakini nenda klabuni, tazama ubao juu ya dirisha la tiketi:
majina ya wafungaji kwa rangi ya bluu, tarehe, dakika.
Bao ambalo halikuingia
utaliandikia dakika gani?

Basi nina neno. Nimekaa nalo miaka ishirini na mmoja.
Mechi ya mwisho, mvua, sare inatutosha.
Dakika ya themanini na nane nilitoka vibaya,
nikateleza, nikala tope,
mpira ukanipita juu taratibu, kama mgeni asiye na haraka.
Nilifumba macho. Nikasikia: pwaa!
Haikuwa nyavu. Nyavu zina sauti ya mchele kwenye ungo.
Lilikuwa paja la Masunga.
Alitokea wapi? Tangu mapumziko alikuwa akichechemea.
Mpira ukarudi ukaniangukia kifuani, nikaukumbatia,
na uwanja mzima ukaliita jina langu.

Gazeti: KIPA AOKOA UBINGWA.
Nililikata. Nikalitia fremu. Mungu anisamehe, bado lipo sebuleni.
Masunga alilisoma, akacheka,
akaniambia, "Wabeja, kipa,"
akaenda kukopa barafu kwa wauza sangara, aweke kwenye goti.

Goti lile halikunji tena. Anauza vipuri vya baiskeli Igoma,
mguu ameunyoosha mbele ya duka, wateja wanauruka.
Juzi nilinunua kwake mnyororo nisiouhitaji.
Hakuna tulichosema.

Jana nikaenda klabuni na kopo la rangi na ngazi ya kuazima.
Chini ya wafungaji kulikuwa na nafasi ya kiganja.
Nikaandika: MASUNGA, 88.
Mlinzi, kijana wa juzi, akaja na tochi.
"Mzee, huyu naye alifunga?"
"Alifunga."
"Goli gani?"
Nikashuka ngazi kwanza, nikafuta mikono.
"Letu."