Koti la Mgeni

Arvid Niskanen aliileta kompyuta yake
imefungwa blanketi, kama mtoto mwenye homa.
Novemba, Duluth, theluji imefika magotini
na ziwa linafuka kama sufuria iliyosahauliwa mekoni.

"Sikuiba," akasema, kabla sijauliza.
Akaweka risiti mezani, dola kumi na saba na senti zake:
diski ya akodiani, polka za wachimba chuma,
zile alizocheza na Lempi mwaka wa mgomo.
"Nimelipa. Tazama, na tarehe ipo."

Mashine ilikuwa inahema.
Feni inazunguka bila kazi,
inahesabu kitu ambacho hakuna aliyeituma kukihesabu.
Nikatafuta katika orodha: hamna.
Nikatafuta kwa njia ya pili: hamna.
Nikapitia mlango wa uani, nikalinganisha
kile mashine inachokisema na kile ilichonacho tumboni,
hapo hesabu ikakataa.
Mlikuwa na mtu ndani ya nyumba,
na kila ukiuliza "nani?"
nyumba yenyewe hujibu, "ni mimi tu."

Nikamweleza. Ulipoitia diski
ulitokea ukurasa, maneno elfu tatu.
"Nilibonyeza Nakubali," akasema. "Nilitaka polka."

Ulitaka polka. Nyuma ya polka akaingia mgeni,
hakupiga hodi, hakuvua viatu,
akaketi uvunguni mwa mashine
kuhesabu utainakili mara ngapi diski uliyoinunua:
tatu, basi.
Na koti lake lina hila. Faili lolote
ambalo jina lake linaanza na alama zake tano
halionekani, si kwako, si kwangu,
wala kwa kinga ya virusi unayoilipia kila mwaka.
Mwizi apitaye, akizijua alama hizo,
hujifunika humo humo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu alikuja, mwenyeji akapata homa.

"Na kijana wa jirani, Travis,
aliyezipakua polka hizo hizo bure?"
Yake nzima.
Akacheka, kicheko kikavu
kama msonobari unaopasuka kwa baridi.
"Basi kufuli wamemfungia aliyelipa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bisibisi.

Usiku nikamng'oa, polepole,
maana ukimvuta kwa pupa anaondoka na kisoma diski,
kama jino linalobeba taya.
Saa nane koti likaanguka.
Na pale palipokuwa patupu yakajitokeza
mafaili arobaini na moja ambayo hayakuwa ya kampuni.
Alama tano mbele, kisha tarehe,
kisha Lempi. Lempi. Lempi.

Sikuyafungua.

Asubuhi nikamwambia: mgeni kaondoka,
na vilivyokuwa chini ya koti lake vimebaki wazi.
Masikio yake yakawa mekundu.
"Habari za alama hizo nilizisoma gazetini," akasema.
"Nikawaza, wakinificha, nami nitajificha kwao.
Binti yangu hutumia mashine hii Jumapili.
Sikutaka ajue kuwa namwandikia mamake,
miaka minne baada ya mazishi."
Akaifuta miwani ambayo haikuwa na ukungu.
"Nilijua kuziingiza barua. Sikujua kuzitoa."

Nikamtengenezea kabati ndani ya mashine,
lenye kufuli, maana kufuli si dhambi,
dhambi ni ufunguo kukaa mfukoni mwa mwingine.
Neno la siri alichague yeye.
Nikageukia ukutani akiliandika.
Aliandika muda mrefu, kwa kidole kimoja.
Nilisikia akikosea, akifuta, akianza tena.

Diski akaitia mfuko wa ndani wa koti lake mwenyewe.
Ataipiga jikoni, alisema,
kwenye redio kuukuu isiyojua kusoma wala kuandika.