Kilichomo Ndani ya Mabano

Mchoro ulitoka kabatini ukinuka amonia,
karatasi ya buluu, kingo zake zimeliwa na mende,
na pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha sahauliwa:
Mhimili wa pampu. Kipenyo cha shingo, sitini.
Elisabethville, 1957.

Niliuhamishia kwenye kompyuta mstari kwa mstari,
siku tatu, kwa mkate na chai iliyopoa,
nikaugeuza hewani kwa kidole kimoja
kama mama anavyomgeuza mtoto kumtafuta upele.
Hauna doa. Sitini ni sitini.

Kiwandani kwetu Kampemba, nyuma ya ghala la saruji,
mashine mpya imesimama ndani ya vioo vyake.
Haina mpini. Unaiandikia, inatii:
nenda hapa, zungusha hivi, shusha kisu, rudi.
Chuma kinanyolewa, nyuzi zinaanguka za samawati,
maji meupe ya kupozea yanatiririka,
nami nimekunja mikono,
mkereza asiye na mafuta chini ya kucha.

Mihimili sita tuliipeleka mgodini.
Mitatu ilirudi imeungua shingo.
Ilipopata moto, walisema, iling'ang'ania beringi
kama mdeni aliyeshikwa shati.
Nikapima. Sitini.
Nikapima tena, baridi ya Juni ikiniuma vidole.
Mkurugenzi aliitazama mashine, kisha akanitazama mimi,
na nilijua kati yetu wawili ni nani aligharimu zaidi.

Ndipo Kabwita, fundi wa kulehemu,
akasema bila kuinua kinga ya uso:
"Ile alikuwa akiikereza Mwansa Chola.
Haikurudi hata mmoja."

Nilimkuta Katuba, uani, anagonga mabati,
anatengeneza mbabula za kuuza sokoni.
Sikio la kushoto limekufa. Kiwanda cha zamani kililichukua
pamoja na mishahara ya miezi thelathini na sita.
Nikamwonyesha mchoro kwenye simu.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Njo leo munaniuliza?"

Karatasi hiyo, alisema, imedanganya tangu siku ya kwanza.
Aliyeichora alifikiria chuma kikiwa kimelala.
Pampu hailali.
Aliyemfundisha alikuwa akipunguza kidogo,
na aliyemfundisha yule naye alipunguza,
na hakuna aliyeandika,
maana penseli ilikaa ofisini
na wao walikuwa chini.
"Kidogo kiasi gani?" Akatwaa msumari,
akachuna bati mara moja, akaniwekea unyoya wake kiganjani.
Nikaupima baadaye: sehemu nne za mia za milimita.
"Mimi sikuhesabu. Nilisikiliza.
Kisu kikianza kuimba kwa sauti nyembamba,
unakiachia pumzi moja zaidi."

Nikauliza bei. Hakuona haya kuitaja:
gunia la unga wa bukari, na betri za redio.
Nililipa siku hiyo hiyo.
Mpaka leo urahisi ule
unanikaa kooni.

Usiku, umeme ulipokubali kurudi,
nikafuta sitini.
Hamsini na tisa, nukta, tisa, sita.

Sasa, lugha ya mashine ile ina sheria moja:
kilichomo ndani ya mabano haikisomi.
Inakiruka kama mtu arukavyo dimbwi
na kuendelea na safari.
Basi nikafungua mabano, nikaandika:

(nne za mia: mkono wa Mwansa Chola, Katuba.
Mchoro ulikosea. Waulizeni walio chini.)

Nikayafunga. Nikabonyeza kitufe cha kijani.
Kisu kilishuka, maji meupe yakafunika kioo,
nisione kitu,
na karibu na mwisho wa shingo
sauti ikaanza kuwa nyembamba.

Nikaweka sikio kwenye kioo.