Fomu ya Jumamosi

Exavery alifika Newala na kishikwambi kifuani
kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake.
Akakataa chai, akakubali ming'oko,
akauliza: Kaya hii ina televisheni ngapi?
Moja.
Na watu?
Wawili, mimi na Shaibu wa marehemu dada.
Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, mlitazama nini?

Nikacheka. Uliza kwanza tulikuwa wangapi.

Maana saa tatu ya Jumamosi sebule hii si ya kaya,
ni gulio.
Fatu Nalinga huja na mkeka wake na kikohozi chake.
Ndugu wawili wa kina Mchopa, wasiosemeshana,
hukaa ncha mbili za benchi moja, macho mbele.
Fundi Likwawa, kwa kuwa ndiye aliyelielekeza dishi,
hudai kiti chenye egemeo.
Vijana wa ghalani bado wananuka salfa,
na nje, dirishani, kina mama wenye ndoo za maji kichwani,
hawazitui,
wanasema wanapita tu.
Usiku nesi Tabia alipofungua ile barua
nilihesabu arobaini na mmoja,
bila kuku.

Exavery akaandika 41.
Kishikwambi kikawaka wekundu:
idadi haizidi wakazi wa kaya.
Akajaribu tena. Wekundu.
Akanitazama kama aliyenivunjia kikombe,
akaandika 2.

Hivyo ndivyo arobaini na mmoja tulivyoingia Dar es Salaam
tukiwa wawili.

Sijui mezani kule hukaa nani.
Namdhania mtu wa tai, na karatasi yenye mstari
unaoporomoka kama njia ya kushukia Ruvuma.
Anasema: kule kusini wanalala mapema.
Tunalala mapema!
Sisi tunaobangua hadi ganda limetuchubua vidole,
ambao luku ikikatika saa tatu kasoro
tunachanga mia mbili mbili gizani,
Shaibu anakimbia kwa wakala,
anarudi na tarakimu ishirini mdomoni,
hamjibu mtu salamu zisije zikadondoka.

Tangazo lilikuja Jumatano, baada ya bei ya mafuta:
mchezo umefika mwisho wa msimu, asanteni,
mahali pake vijana watashindania pikipiki kwa kucheza.
Msimu gani? Hapa msimu huisha korosho zikiisha.
Barua hatujasomewa.
Tabia alikunja uso, wakaingiza sabuni.

Jumamosi wakaja vilevile.
Nikawaambia hakuna. Wakatandika.
Kwenye kioo watu wakaruka chini ya taa za zambarau.
Fatu akasema, punguza hiyo sauti.
Nikapunguza.
Punguza yote.
Kisha, kati ya kikohozi na kikohozi,
akamnyooshea kidole mchezaji mwenye kofia:
"Huyu ndiye mume. Karudi toka Msumbiji na deni."
Mchopa mkubwa akakataa: "Hajarudi. Barua kaandika wifi."
Na Mchopa mdogo,
kimya tangu lile shamba la mikorosho ligawanywe,
akasema, "Wifi hajui kuandika, kaka."

Hakuna aliyegeuza shingo.
Tuliogopa kumshtua.

Wiki tano sasa.
Barua tumeisoma mara tano, kila mara ina maneno mengine;
juzi Tabia kahamishiwa zahanati ya Kitangari,
kwa amri ya Shaibu.

Jana Exavery kapiga simu.
Jumamosi, saa tatu, mlikuwa chaneli ipi, mama?
Ile ile.
Ya vijana wa pikipiki? Hadi mwisho?
Hadi mwisho.
Nikasikia anavyofurahi, kidole kikigonga kioo.
Na mlikuwa wangapi?

Nikatazama mkeka ambao Fatu siku hizi hauchukui,
hukaa hapa hapa umeegeshwa ukutani.
Wawili, baba, nikasema.
Sikutaka kimuwakie wekundu tena.