Spana Namba Thelathini na Sita

Kwenye ubao wa zana kila spana ina kivuli chake,
kimechorwa kwa rangi nyeupe ili jioni
jicho lihesabu kabla ya mdomo.
Jumatano ile kivuli kimoja kilibaki bila mwenyewe.

Hapa Ulsan, karakana ya nne,
injini ilikuwa tayari kuwashwa kwa mara ya kwanza:
silinda kumi na mbili, mstari mmoja,
kimo cha ghorofa nne,
pistoni moja pana kuliko meza ya mama mkwe wangu.
Wenye meli walishafika kutoka Oslo, na kofia zao safi.

Msimamizi Pyo akasema, "Hatuwashi."
Hakurudia.

Tukafungua milango ya tumbo lake.
Niliingia kwa magoti, tochi mdomoni,
nikapapasa chini ya krenki, nati kwa nati,
mafuta mapya yakinichuruzikia shingoni.
Siku mbili.
Chuma cha kiganja kimoja kikisahaulika humo
kitatafuna chuma cha tani mia
katikati ya bahari, usiku, na watu ishirini juu yake.

Nje, vidole vilishampata mkosaji:
kijana Tak, miezi mitano kazini.
Lawama ni kama mafuta machafu,
hutafuta palipo chini.
Nami nilinyamaza, nikitafuta kwa bidii.

Ijumaa usiku mke wangu akasema,
"Bomba la jikoni halivuji tena. Nalala vizuri."
Nikainama chini ya sinki.
Hiyo hapo, juu ya taulo lililokunjwa,
thelathini na sita, imetulia kama paka wa nyumbani.

Alfajiri karakana ilikuwa tupu.
Mkono ulitaka kuitundika gizani. Ulitaka sana.
Nikaketi juu ya ndoo, spana mapajani,
mpaka wakaja wote.

Pyo aliipima kiganjani, akampa Tak.
"Itundike wewe."

Saa nne hewa ikazisukuma pistoni, kisha moto ukashika.
Mlio wa kwanza sikuusikia kwa masikio,
niliusikia kwa magego.
Mizunguko themanini kwa dakika,
sawasawa na moyo wangu.
Watu wa Oslo walipiga makofi.
Tak alikuwa akifuta sakafu ambayo haikuwa chafu,
hakunitazama.

Bomba la jikoni limeanza kuvuja tena.
Naliacha.