Somo la Jumamosi, Malimbe

Nilianza na chaki: elfu thelathini.
"Ukikopa hii kwa simu, unapokea ngapi?"
Ngollo, kiti cha nyuma, hakuinua hata mkono.
"Ishirini na tano na mia tano, mwalimu.
Nyingine wanaikata kabla hujaiona."

Darasa likacheka, kile kicheko cha wanaojuana.
Nje mawe yalishaanza kupata moto,
pimbi mmoja kajianika juu yake kama asiyedaiwa.

Sikuleta methali. Kukopa harusi wameshaisikia;
matanga yenyewe wanayo mfukoni,
yanatetemeka saa nane usiku.
Nilileta daftari la mama, la dagaa, Mwaloni Kirumba,
kurasa zake bado zinanuka:
*Nyanzobe, debe mbili, atalipa giza likirudi.*
Maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaji kwenye taa,
na mama alilijua hilo, akangoja.
Pembeni, kwa kalamu nyekundu: kalipa. Kalipa.
Kafiwa, nimemwachia.

"Simu haina kalamu nyekundu," nikasema.
"Haijui mwezi, haijui msiba.
Kabla hujabonyeza moja kukubali,
andika karatasini: nakopea nini,
nitalipa lini,
na siku hiyo nitakula nini."

Wakaandika. Feni tu ndiyo iliyosema.
Ngollo aliandika, akafuta, akaandika tena:
*Viatu.
Bumu likitoka.
Sijui.*

Nikaishika karatasi yake muda mrefu.
Mfukoni mwangu kitu kikatetemeka, mara mbili.
Sikuhitaji kuangalia.
Nikageuka, nikafuta ubao.