Hapo Tu

Tulitoka Mtongwe kabla ya adhana,
Shee mgongoni kwa mamake, amelala,
Mwanakombo mbele na kijiti chake
akiuliza kila penye mkanju: "Bado?"
"Hapo tu," nikamwambia.

Siku ya pili begi lilinizidi.
Nikalaumu mchele, nikalaumu umri.
Jioni, chini ya Shimba, nikalikung'uta:
mawe. Kumi na saba, ndani ya soksi zangu.
"Ya kujengea nyumba," akasema,
"tukifika."

Mamake akacheka hata Shee akaamka.
Kule nyuma taa za Mombasa,
ndogo kama punje.

Asubuhi niliyarudisha begini
yote, ila moja
alilong'ang'ania kulibeba mwenyewe.

"Baba, goti lauma?"
Lauma.
"Hapo tu."